"Chai Tu, Daktari": Kuupima Ugumu wa Nyongo Kabla ya Kisu

Swali la kwanza katika chumba cha altrasaundi halihusu maumivu. "Mama, umekula chochote leo?" Mgonjwa aliyepanda matatu alfajiri kutoka kijijini anajibu bila kusita: "Chai tu, daktari." Chai ya Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, ni ya maziwa, nzito, yenye sukari ya kutosha, na ni nadra inywewe bila chapati au andazi. Kwa mtu mwenye safari hicho si chakula. Kwa mfuko wa nyongo ni karamu. Mafuta ya maziwa na ya chapati yakifika kwenye utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni inayouamuru mfuko ujikamue, nao hujikamua mpaka ukabaki kama puto lililoishiwa hewa. Ukuta uliokuwa mwembamba mfuko ulipokuwa umejaa sasa umejikunja na unaonekana mnene. Mpimaji akiweka alama zake mbili kwenye skrini na kusoma milimita 5, mtu ambaye pengine hana shida kubwa ataingia kwenye daftari kama mwenye ukuta mnene. Ndiyo maana huambiwa arudi siku nyingine, awe hajala kwa saa 6 hadi 8.

Milimita moja au mbili zinaonekana kitu kidogo mno cha kumrudisha mtu nyumbani na nauli yake. Lakini namba hiyo inasafiri mbali. Itaandikwa kwenye barua ya rufaa na kusomwa na daktari wa upasuaji ambaye hajawahi kumwona mgonjwa. Itamsaidia kuamua kama mfuko huo utolewe hospitali ya karibu au ya mbali, kama apange saa moja au saa tatu, kama damu iwe tayari, na kama mgonjwa aelezwe mapema kwamba huenda akaamka na mshono mrefu chini ya mbavu badala ya vitundu vinne. Utabiri wa ugumu huanza siku nyingi kabla ya mtu kulala kwenye meza ya upasuaji. Na mpakani, kati ya Busia na Tororo, utabiri huo una uzito zaidi kuliko katika jiji ambalo hospitali kubwa iko barabara ya pili.

Kila aliyewahi kupasua kuku anaijua nyongo. Kisu kikiteleza, maji ya kijani yanamwagika na ini lote linakuwa chungu. Ya binadamu imehifadhiwa kwenye mfuko wa sentimita 7 hadi 10 uliobandikwa chini ya ini, upande wa kulia. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku. Mfuko huiweka akiba, huipunguza maji ikawa nzito, kisha huimwaga kwenye utumbo wakati wa kusaga mafuta. Nyongo ikikosa uwiano huganda chembe chembe, na chembe zikikua zinakuwa mawe. Watu wengi huishi na mawe hayo hadi uzeeni bila kujua. Shida huanza jiwe linapoziba njia: maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayopanda hadi begani, mara nyingi usiku baada ya mlo wa mafuta. Jiwe likikwama lisirudi nyuma, mfuko unavimba, unaweza kujaa usaha, na mwisho hata kuoza.

Tiba ni kuutoa mfuko wote. Carl Langenbuch alikuwa wa kwanza kufanya hivyo, Berlin, tarehe 15 Julai 1882, kwa kulifungua tumbo, na kwa miaka zaidi ya 100 hapakuwa na njia nyingine. Kisha tarehe 12 Septemba 1985 Erich Mühe, daktari katika mji mdogo wa Böblingen nchini Ujerumani, akautoa kupitia matundu. Alipowaeleza wenzake wa chama cha madaktari wa upasuaji mwaka uliofuata hawakumkubali. Mwaka 1992 chama hicho hicho cha madaktari wa upasuaji kilimtunuku. Leo njia yake ndiyo ya kawaida duniani. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili lipande kama hema, kamera huingizwa kitovuni, vyombo vyembamba huingia kwa matundu mengine matatu, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Mgonjwa ambaye kazi yake imekwenda vizuri mara nyingi huenda nyumbani kesho yake.

Hata hivyo jina moja la operesheni linabeba kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Upo mfuko unaotoka kwa dakika 40: laini, mwembamba, uliolala wazi chini ya ini. Na upo mfuko uliojificha, umegandana na utumbo na mafuta ya tumbo, ukuta wake mgumu kama ngozi ya kiatu, ambao baada ya saa mbili daktari bado anatafuta shingo yake.

Shingo hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Mwaka 1891 Mfaransa Jean-François Calot alieleza pembetatu ndogo iliyopo hapo, nayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ndani yake unapita mshipa mdogo wa damu wa mfuko, na upande wake mmoja ni mrija mwembamba unaotoka kwenye mfuko. Viwili hivyo ndivyo vya kubanwa na kukatwa. Karibu sana, umbali usiozidi upana wa kidole, upo mrija mkuu wa nyongo unaotoka kwenye ini. Huo haukatwi. Ukikatwa, nyongo humwagika tumboni au hurudi nyuma kwenye ini, macho ya mgonjwa hugeuka manjano, na mtu aliyelazwa kwa siku mbili anaingia katika miaka ya operesheni za kurekebisha. Ajali hiyo huwapata takriban watu 3 hadi 5 katika kila 1,000 wanaofanyiwa upasuaji wa matundu.

Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake huko Marekani walichambua visa 252 vya mrija mkuu kuumizwa. Katika asilimia 97 ya visa hivyo chanzo kilikuwa jicho kudanganyika. Daktari alikuwa na mkono thabiti na ujuzi, ila aliuona mrija mkuu akaamini ni ule mwembamba wa mfuko, na akaukata kwa uhakika kabisa. Uvimbe na makovu vilikuwa vimevuta kitu kimoja hadi mahali pa kingine. Mtu aliyeonywa kabla kwamba pembetatu hii huenda imeharibika hutazama kwa jicho la pili. Asiyeonywa huona kile alichozoea kukiona. Hapo ndipo kutabiri kunapookoa.

Utabiri wenyewe hauhitaji mashine ya ajabu. Mwaka 2009 madaktari wawili wa India, Randhawa na Pujahari, walichapisha jedwali ambalo linaweza kujazwa kwa kalamu kando ya kitanda. Umri wa zaidi ya miaka 50, alama 1. Mwanamume, alama 1. Uzito ukilinganishwa na urefu, hadi alama 2. Kovu la operesheni chini ya kitovu, alama 1; juu ya kitovu, 2. Mfuko unaopapasika kwa mkono, 1. Kwenye altrasaundi: ukuta wa milimita 4 au zaidi, alama 2, maji kuzunguka mfuko, 1, jiwe lililokwama shingoni, 1. Na kuwahi kulazwa hospitali kwa kuvimba mfuko wa nyongo, alama 4 peke yake. Jumla ni 15. Kuanzia 0 hadi 5, kazi inatarajiwa kuwa rahisi, chini ya saa moja. Kuanzia 6 hadi 10 ni ngumu. Kuanzia 11 kwenda juu ni ngumu sana, zaidi ya saa mbili au kulazimika kulifungua tumbo.

Tuseme anakuja mama wa miaka 54 anayeuza samaki wakavu sokoni Busia. Umri wake unampa alama 1. Ni mnene kiasi: 2. Ana kovu la kuzaa kwa operesheni chini ya kitovu: 1. Mwaka jana alilazwa siku nne kwa homa na maumivu ya ubavu, akachomwa sindano za antibayotiki, akapata nafuu na kurudi kwenye meza yake ya samaki: 4. Sasa amekuja bila kula, na mpimaji anapaka jeli baridi chini ya mbavu zake na kutelezesha kichwa cha mashine. Jiwe linaonekana jeupe, likiacha kivuli cheusi nyuma yake kama mti jua la saa kumi. "Mama, lalia ubavu wa kushoto." Mama anageuka. Jiwe ambalo liko huru lingebiringika na kushuka; hili linabaki pale pale shingoni. Alama 1. Ukuta ni milimita 5, na safari hii si chai: 2. Jumla, 11.

Kwa jedwali hilo, mama huyu si wa kupangwa mwishoni mwa orodha ya Ijumaa alasiri.

Katika alama hizo 11, nne zimetoka kwenye siku nne za mwaka jana. Hakuna kitu kingine katika jedwali chenye uzito kama huo, na sababu yake ni rahisi kueleza. Mfuko ukivimba, katika siku tatu za kwanza tishu zake zinakuwa na majimaji, na utando kati ya mfuko na ini bado unaachana kwa wepesi. Baadaye majimaji yanakauka, makovu yanaota, na kila kitu kinashikana na jirani yake. Zamani madaktari wengi walipenda kungoja wiki sita "moto upoe" ndipo wapasue. Mwaka 2013 utafiti mkubwa uliofanywa hasa Ujerumani, wa wagonjwa 618, ulilinganisha kupasua ndani ya saa 24 tangu mgonjwa afike hospitali na kungoja kati ya siku 7 na 45. Waliopasuliwa mapema walipata matatizo kwa asilimia 11.8, waliongojeshwa, asilimia 34.4. Mwongozo wa Tokyo, ambao ulitolewa 2007, 2013 na 2018, nao unapendelea upasuaji wa mapema kwa mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kuuhimili.

Kwa hiyo ugumu mwingine hatuukuti, tunautengeneza. Maumivu ya juu ya tumbo mpakani yana jina lake: alsa. Mtu hununua dawa ya asidi kwenye duka la dawa, anatulia, yanarudi, ananunua tena. Wengine huambiwa ni taifodi. Jambo la kusikitisha ni kwamba majina yote mawili huwa na chembe ya ukweli: vidonda vya tumbo vipo kweli, na vijidudu vya taifodi hupenda kujificha ndani ya mfuko wa nyongo wenye mawe kwa miaka mingi. Lakini kila mwaka unaopita kwa dawa ya asidi ni mwaka mwingine wa makovu kwenye ile pembetatu. Altrasaundi moja, tumbo likiwa tupu, ingelimaliza shauri.

Ukuta mnene nao una mitego yake, na upande huu wa Afrika mitego ni mingi zaidi. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, ini likiwa na ugonjwa, au protini ikipungua mwilini, ukuta wa mfuko huvimba bila mfuko wenyewe kuwa mgonjwa. Hata malaria kali imeonekana kuunenepesha kwa siku chache. Daktari anayesoma milimita 5 za mtu mwenye homa lazima ajiulize kwanza homa ni ya nini.

Na malaria hapa si jambo la pembeni. Huko Nagongera, wilaya ya Tororo, watafiti waliokamata mbu majumbani mwaka 2011 na 2012 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka, karibu kila usiku mara moja. Hali ilishuka sana baada ya nyumba kuanza kupulizwa dawa mwishoni mwa 2014. Lakini malaria ya vizazi vilivyopita iliacha alama ndani ya damu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo mwaka 1949 akipima damu za watu, akakuta chembechembe za selimundu, yaani seli nyekundu zinazopinda kama mundu, ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na chache nyanda za juu ambako mbu ni adimu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wenyewe. Nchini Uganda, uchunguzi wa damu za watoto karibu 98,000 uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 wana chembe moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa, na wilaya nane zilipita asilimia 20 ya wenye chembe moja.

Sasa mlolongo unafika kwenye nyongo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha inapasuka. Mabaki yake yana rangi ya manjano ambayo ini huisukuma kwenye nyongo, na rangi ikizidi inaganda kuwa mawe madogo meusi. Haya si yale mawe ya mafuta yanayowasumbua watu wazima wanene vitabuni. Yanaweza kuanza utotoni, na mgonjwa wa selimundu anapofikia utu uzima kuwa na mawe ni jambo la kawaida.

Mlete basi kijana wa miaka 19 mwenye selimundu mbele ya jedwali lile lile. Mwanamume, alama 1. Mwembamba, 0. Hana kovu, 0. Ukuta milimita 3, mawe yanabiringika, hakuna maji: 0. Linabaki swali zito la alama 4: amewahi kulazwa kwa kuvimba mfuko? Amelazwa mara nyingi. Tumbo lilimuuma, alikuwa na homa, macho yalikuwa manjano. Je, ilikuwa selimundu imepamba moto, au ilikuwa nyongo? Kwenye kadi yake imeandikwa tu "maumivu." Ukimpa alama zote 4, anafikisha 5. Jedwali bado linasema: rahisi.

Na pengine litakuwa limesema kweli kuhusu mfuko. Hatari ya kijana huyu iko kwenye damu yake. Gesi inayojazwa tumboni huingia kwenye damu na kuiongezea asidi, na asidi huzipinda seli zake. Baridi ya chumba cha upasuaji huzipinda. Kiu ya kukaa bila maji tangu jioni huzipinda. Upungufu wa oksijeni huzipinda zaidi ya vyote. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya kimataifa yaliyolinganisha wagonjwa wa selimundu waliopewa damu kabla ya operesheni na wasiopewa. Kati ya wasiopewa, asilimia 39 walipata matatizo. Kati ya waliopewa, asilimia 15. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo maandalizi ya kijana huyu ni chupa ya maji mshipani tangu usiku, blanketi, oksijeni, na damu iliyolinganishwa vizuri ya kuinua himoglobini yake kufikia kama 10. Kwa hospitali za Tororo hiyo maana yake ni kupanga na benki ya damu ya kanda iliyoko Mbale siku kadhaa kabla.

Mama mwenye alama 11 na kijana mwenye alama 1 au 5 wote ni wagumu, ila ugumu wao haukai mahali pamoja. Jedwali lililoundwa India linamwona mmoja vizuri na kumpita mwingine kama hakuwepo. Nchini Uingereza na Ireland, madaktari walikusanya taarifa za wagonjwa 8,820 kutoka hospitali 166, na kutokana nazo wakaunda hesabu ya kutabiri nani atalazimika kufunguliwa tumbo. Ni kazi ya kupigiwa mfano, ila imejengwa juu ya miili ya huko, chakula cha huko na ucheleweshaji wa huko. Eneo hili linastahili safu moja ya ziada kwenye jedwali, safu ya selimundu, na linastahili hesabu zake lenyewe. Daftari moja la mistari lingetosha kuanzia: alama za kabla upande wa kushoto, dakika za operesheni upande wa kulia, na katikati kile daktari alichokikuta. Kwa hicho cha katikati kipo tayari kipimo cha Ahmad Nassar wa Scotland, kinachoanzia daraja la 1, mfuko laini ulio wazi, hadi la 4, mfuko usioonekana kabisa chini ya makovu. Baada ya wagonjwa mia mbili, daftari hilo lingekuwa linajua mengi zaidi kuhusu nyongo za Busia kuliko kitabu chochote cha Ulaya.

Kwa nini haya yawe na uzito zaidi hapa kuliko penginepo? Itazame ramani. Neno bodaboda linalotumika leo Afrika Mashariki nzima lilizaliwa Busia, kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tangu 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kimerahisisha kuvuka, na wagonjwa huvuka kama wafanyabiashara wanavyovuka. Upande wa Kenya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Upande wa Uganda ipo Masafu, na huko Tororo ipo hospitali ya serikali na ile ya kanisa Katoliki ya St. Anthony's. Zaidi ya hapo, rufaa ni safari: Mbale, kama kilomita 45 kutoka Tororo, Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Busia, Eldoret, mbali zaidi, Kampala, kama 200. Katika jiji kubwa daktari aliyezidiwa humwita mwenzake bingwa kutoka jengo la jirani, naye akafika na glavu mkononi kabla damu haijapimwa. Hapa mwenzake yuko saa tatu barabarani, na mgonjwa aliyekwisha kutobolewa hawezi kupandishwa gari kirahisi. Uamuzi wa nani aende wapi ni lazima ufanyike mama akiwa bado na nguo zake za safari.

Kumpeleka kila mtu mbali si jibu. Nauli, chakula cha anayemuuguza, siku za biashara zilizopotea, watoto waliobaki: gharama hizo humfanya mtu arudi kwenye dawa ya asidi, na mwakani atarudi na alama zaidi. Mwenye alama 2 atibiwe karibu na kwake, na mapema. Mwenye 11 aende palipo na mkono uliozoea mifuko ya aina hiyo. Jedwali linatoa njia ya kuwatenganisha bila kubahatisha.

Siku ya operesheni yenyewe utabiri hubadilika kuwa tahadhari. Kwenye skrini, ndoana ndogo ya umeme inakwangua utando wa pembetatu kidogo kidogo, moshi unapanda, kamera inatolewa, inafutwa, inarudishwa. Mwaka 1995 Steven Strasberg wa Marekani aliweka sharti ambalo leo linafundishwa kote: usikate chochote kabla ya kuona mambo matatu. Pembetatu iwe imesafishwa mafuta na nyuzi. Theluthi ya chini ya mfuko iwe imeachanishwa na ini. Na vitu viwili tu, viwili kamili, viwe vinaingia kwenye mfuko. Ukihesabu kitu cha tatu, au usipoweza kuhesabu, simama.

Kusimama kunahitaji ujasiri, na ujasiri huo huja kwa urahisi kwa aliyejiandaa. Daktari anaweza kuanzia kichwani mwa mfuko badala ya shingoni. Anaweza kuukata mfuko nusu, akayatoa mawe, akaacha kipande kilichoshikana na mahali pa hatari na kuweka mpira wa kutolea maji. Anaweza kulifungua tumbo kama Langenbuch. Kwa mgonjwa dhaifu sana anaweza kuuweka mfuko mrija wa kuukamua na kuacha kupasua mpaka siku nyingine. Kulifungua tumbo kwa mtu aliyeambiwa tangu wiki iliyopita kwamba jambo hilo linaweza kutokea si kushindwa, na familia inayongoja nje haitashtuka daktari akitoka kuwaeleza.

Vyote hivi vinarudi kwenye karatasi moja. Barua nyingi za rufaa husema "mawe ya nyongo, tafadhali msaidieni," na hapo zimeishia. Ya mama yule muuza samaki inaweza kuandikwa kwa mistari mitano bila kuongeza gharama yoyote: miaka 54, alilazwa siku nne mwaka jana kwa kuvimba mfuko, kovu la kuzaa chini ya kitovu, ukuta milimita 5, amepimwa bila kula, jiwe moja shingoni, halisogei akigeuka. Ya kijana ingeongeza mstari wa sita juu kabisa, kwa herufi kubwa: SELIMUNDU. Daktari anayezipokea asubuhi, kabla ya wagonjwa wenyewe kushuka kwenye gari, anaweza tayari kuagiza seti ya kufungulia tumbo iwekwe kando ya mashine ya kamera kwa ajili ya mama, na kupiga simu benki ya damu kwa ajili ya kijana.